Chensoo ya zamani haitoi moto: soma chuma kwanza ndo uvute kamba

Nimeulizwa hivi na msomaji mmoja, nafupisha: "Babu ameniachia chensoo (msumeno wa injini wa kukatia miti) nzito ya manjano, stika zote zimetoka, haina jina. Haina breki ya cheni, ina kitufe cha kubonyeza kwa kidole gumba oili inatoka kwenye cheni, cheni inazunguka moja kwa moja kwenye kluchi hakuna giaboksi. Inavutika na inabana, ila plagi haitoi moto. Nimemwagia petroli kwenye tundu la plagi nikavuta kama mara arobaini, wapi. Ni ya mwaka gani na kuna haja ya kuifufua au ni vyuma chakavu?"

Ndugu yangu, pole na mikono maana mara arobaini kwenye mashine ya zamani si mchezo, ila nakuomba weka hiyo kamba chini usivute tena leo. Petroli tupu isiyo na oili inaosha ule utando wa oili uliobaki kwenye ukuta wa silinda, sasa pistoni na ringi zinasuguana chuma kwa chuma, na hiyo mashine imekaa miaka mingi kavu. Toa plagi, dondoshea oili ya tustroku (ile ya injini zinazochanganywa oili na petroli) matone kumi hivi ndani, zungusha kwa mkono taratibu mara kadhaa uiache ilale. Chensoo nyingi za zamani ninazoletewa hazikuuliwa na kazi msituni, zimeuliwa siku ile moja mtu aliyoikuta stoo akafurahi akaanza kuvuta. Umesema inabana, yaani ukivuta kamba unasikia hewa inagandamizwa ndani, basi silinda bado ina uhai, tuulinde huo.

Tuanze na ni nini hasa, manake bila kujua hilo utanunua gasketi za mashine ya mtu mwingine. Rangi usiitegemee sana. Manjano ni rangi ya McCulloch, kampuni ya Marekani, tangu ule msumeno wao wa modeli 3-25 wa mwaka 1949, ila walioipaka manjano si wao peke yao na watu hupaka upya wanavyotaka. Fungua kifuniko cha stata (upande wa kamba ya kuvutia) uangalie upande wa ndani, au toa chujio la hewa uangalie pembe ambazo brashi haifiki, rangi ya kiwandani inabaki huko. Ukikuta nyekundu chini ya manjano basi hadithi yote inabadilika.

Tuisome kwa umbo. Misumeno ya mwanzo kabisa ilibebwa na watu wawili, Andreas Stihl, mwenye kampuni ya Stihl, mwaka 1926 alitoa ya umeme yenye kilo 64, na Emil Lerp mwaka 1927 akaijaribu ya petroli kwenye mlima Dolmar kule Ujerumani, ndo jina la kampuni ya Dolmar lilikotoka. Hizo hukosi kuzijua, zina mshikio wa pili kule mwishoni mwa baa (namaanisha ule upanga ambao cheni inazungukia). Ya babu inabebwa na mtu mmoja kwahiyo tupo baada ya hapo. Kisha kabureta: za zamani zaidi zilikuwa na bakuli na boya kama za pikipiki, ukiilaza injini mafuta yanakatika, ndo maana zingine ziliwekwa baa ya kugeuka ili ukate kwa ubavu injini ikiwa imesimama wima. Ikaja kabureta ya diaframu (utando mwembamba badala ya boya), hiyo inafanya kazi hata ukiigeuza miguu juu. Kama yako ni bonge la chuma la pembe nne lenye bamba la skrubu sita chini yake, hiyo ni diaframu, na uwezekano mkubwa imegongwa Tillotson HL (Tillotson ni mtengenezaji wa kabureta) ikifuatiwa na namba. Iandike hiyo namba, kabureta ile ile ilifungwa kwenye mashine chache tu kwahiyo inakupunguzia sana utafutaji.

Umesema hakuna giaboksi. Zamani injini zilizunguka polepole na cheni ilipitia gia, halafu mwishoni mwa miaka ya 50 kila mtu akaanza kuziacha gia, Stihl Contra ya 1959 ndo inayotajwa sana kwa hilo, ile ambayo Marekani waliiuza kwa jina la Lightning. Breki ya cheni ilianza kuonekana mwanzoni mwa miaka ya 70. Mshikio wenye mpira au springi za kupunguza mtetemo ulianza kusambaa katikati ya miaka ya 60. Sasa ipime ya kwako: haina gia, haina breki, na kama mshikio umefungwa boliti moja kwa moja kwenye bodi bila mpira wowote, mimi naiweka kati ya 1958 na 1970, na kwa manjano na hiyo pampu ya kidole gumba naelekea McCulloch. Hapo nimekaribia tu, namba ndo itamaliza ubishi.

Namba ziko wapi? Hapa ndo pananogea kwa hiyo vumilia kidogo. McCulloch wengi walipachika kibamba chembamba cha chuma kwa ripiti, kikidondoka vinabaki vitundu viwili au vinne, pitisha kidole chini ya mshikio wa nyuma na pembeni ya tangi uone kama vipo. Homelite, kampuni nyingine ya chensoo, wao wana namba inayoanza na herufi UT, hiyo ndo inayoonyesha modeli na toleo lake hasa, usihangaike na jina kubwa la ubavuni. Stihl wao kila kipande kina namba ndefu na tarakimu nne za mwanzo ni za familia ya mashine, 1106 ni modeli za Contra, 070 na 090, 1108 ni 08, 1119 ni 038, kwahiyo hata ukiwa na kifuniko kimoja tu kilichookotwa unajua kimetoka wapi (ila angalia, kipande kimoja kinaweza kuwa kimeazimwa toka mashine nyingine, soma vitatu au vinne ndo uamini). Na zile zilizouzwa kwa jina la duka, mfano Craftsman za Sears, duka halikutengeneza kitu, tarakimu tatu kabla ya nukta ndo zinamtaja mtengenezaji, 358 ni Poulan, 917 ni Roper. Mtu anatafuta vipuri vya Craftsman miaka miwili wakati vya Poulan vipo vimejaa.

Kuna ujanja mwingine naupenda sana. Mashine za Marekani mara nyingi zimeandikwa namba za hataza (haki ya uvumbuzi, patent) kwenye kibamba au kwenye bodi yenyewe. Hataza namba 2,000,000 ya Marekani ilitoka 1935, namba 3,000,000 ilitoka Septemba 1961, na 4,000,000 Desemba 1976. Chukua namba kubwa kuliko zote uliyoiona, mashine haiwezi kuwa imetengenezwa kabla ya mwaka huo. Ukikuta 2,8 na kitu ndo kubwa kuliko zote upo mwisho wa miaka ya 50 au baadaye, ukikuta imevuka 3,000,000 basi ni Septemba 1961 au baadaye bila mjadala.

Na cheni yenyewe pia inaongea. Cheni za zamani kabisa zilikuwa na meno ya kukwaruza kama ya msumeno wa mkono, baada ya vita Joe Cox wa Oregon aliliangalia buu la mbawakawa linavyokula mti kushoto kulia, akatengeneza jino la kupasua na kubeba maganda lenye umbo la herufi C, mwaka 1947 likaingia sokoni na mpaka leo ndo tunalotumia. Ila cheni hubadilishwa hubadilishwa, hiyo isikupe mwaka, ikupe saizi. Pima toka katikati ya ripiti moja mpaka katikati ya ya tatu ugawe kwa mbili. Jumla kabla ya kugawa ikiwa milimita 19 hiyo ni ya inchi 3/8, ikiwa 20 na nusu ni ya inchi .404, ikiwa 25 na kitu ni ya nusu inchi ambayo ni ya kizamani hasa. Na unene wa kile kijino cha chini kinachoingia kwenye mfereji wa baa upime pia, 1.3, 1.5 au 1.6 milimita. Usiforsi cheni ya 3/8 kwenye sproketi (gia ndogo inayozungusha cheni) ya .404, itaonekana kama imekaa ila inakula meno.

Haya, kabla hujagusa moto wa plagi, toa ekzosti. Boliti mbili tu kawaida. Sukuma pistoni ikae mbele ya tundu, washa tochi uitazame. Kama ukuta wa pistoni unang'aa, mistari ya asili ya kiwandani bado inaonekana kidogo na ringi zinacheza ukizigusa kwa kijiti laini, endelea kwa furaha. Kama upande wa ekzosti umechanika mikwaruzo ya wima na ringi zimegandia, hiyo injini iliwahi kukimbia na mafuta machache au hewa ilikuwa inaingia pembeni, na ukiipata moto leo bila kujua kwanini itaungua tena kesho. Ukiwa na geji ya kubana, zaidi ya 120 psi (kipimo cha mgandamizo) ni nzuri kwa mashine ya umri huo, 150 ni zawadi, chini ya 90 usitegemee iwake. Huna geji? Ishike kwa mshikio wa kamba ya stata uiache ininginie kwa uzito wake, injini nzima itashuka kwa kusitasita, mbovu inashuka kama ndoo kisimani.

Sasa moto. Hapa nakupa habari njema, chensoo ya umri huo ina platini (vile vichuma viwili vinavyogusana na kuachana kukata umeme wa plagi) na kondensa chini ya flaiwili (gurudumu zito lenye sumaku upande wa stata), na kati ya kumi ninazoletewa "hazina moto" nyingi ni platini tu imeshika utando wa kutu kwa kukaa. Kwanza kabla ya yote chomoa waya wa swichi ya kuzima, swichi ikiwa imegusa bodi utahangaika bure mchana kutwa. Bado hakuna? Toa flaiwili. Ingiza kipande cha kamba laini kwenye tundu la plagi, pistoni ikiwa imeshapanda ikapita tundu la ekzosti ili kamba isinaswe, hapo krenki (shafti kuu ya injini) imefungwa na unaweza kulegeza nati. Irudishe nati mpaka ilingane na ncha ya shafti usiitoe yote, mtu mmoja ainyanyue mashine kidogo kwa kushika flaiwili, mwingine agonge nati kwa nyundo ya shaba pigo moja kavu. Inaruka. Usipenyeze bisibisi kuchokonoa chini ya yale mapezi, nasema kwa uchungu, kijana nikiwa najifunza nilivunja mapezi matatu ya flaiwili ambayo haikuwa yangu na ile mashine haikutulia tena, ikawa inatetemeka mpaka mwenyewe akaiacha, na flaiwili nyingine ya modeli ile sikuipata mpaka leo. Angalia na ile kii ndogo ya nusu mwezi, ikikatika hata robo moto unakuja wakati siyo na kamba inakurudishia kipigo mkononi. Na kluchi ukifika huko jua nyingi zimefungwa kinyume, zinafunguka ukizungusha kuelekea mshale wa saa unavyokwenda.

Platini zipitishe tupa ndogo laini au msasa mwembamba kabisa, mara mbili tatu, halafu muhimu kuliko msasa wenyewe, futa kwa kipande cha karatasi safi kilicholoweshwa spiriti mpaka karatasi itoke nyeupe, manake vumbi la msasa nalo linazuia moto. Weka upenyo wa inchi 0.015, yaani kama milimita 0.4, wakati zimefunguka mwisho wake, hicho ndo kipimo cha nyingi ila kama umeshaijua modeli fuata chake. Koili (inayotengeneza umeme wa plagi) na sumaku ya flaiwili ziachane unene wa kadi ya jina. Plagi mpya, usijaribu kwa ile ya babu. Ukivuta sasa hivi unatakiwa uone cheche ya bluu, ikiwa ya njano na dhaifu shuku kondensa. Kuna watu wanaweka chipu ya kisasa badala ya platini, mimi siwapingi kama koili ni nzima na platini hazipatikani, ila kama zako zimesafishika ziache, zitafanya kazi miaka mingine ishirini.

Mafuta. Mipira yote ya petroli ya zamani itupe hata ikionekana nzima, ikunje uone inavyopasuka, na petroli ya siku hizi yenye ethanoli inaimaliza haraka zaidi. Kabureta ifungue kwenye sinia jeupe, kuna springi ndogo kama ukucha wa mtoto na ikiruka umeipoteza. Diaframu ikiwa ngumu inapiga kelele kama karatasi ya biskuti, weka mpya, ukishaijua namba ya kabureta seti zake bado zinatengenezwa. Zile skrubu mbili za L na H (L ya mafuta ya mwendo mdogo, H ya mwendo mkubwa) ukizifunga zifunge kwa vidole mpaka zigote tu, usikaze, ncha zake zina umbo la sindano na ukikaza umeharibu kiti chake moja kwa moja, halafu rudisha kila moja mzunguko mmoja ndo pa kuanzia.

Tangi hapa naomba unisikilize vizuri sana. Bodi za mashine hizi nyingi ni magnesiamu siyo alumini. Siki, maji ya betri, dawa zozote za asidi za kutoa kutu zinaila magnesiamu inachemka kabisa mbele ya macho yako, mtu analoweka tangi usiku asubuhi anakuta matundu. Osha kwa petroli kidogo na nati za chuma chache ndani, tikisa mwaga rudia, nje sabuni na brashi ya nailoni inatosha. Na usipige grainda hovyo, vumbi la magnesiamu likishika moto maji hayazimi yanazidisha, weka mchanga mkavu karibu. Gasketi kuukuu zingine zina asbesto, zilowanishe kabla ya kuzikwangua na usipulize.

Nikija kwenye rangi nitasema ninavyoamini: usipake upya. Najua inatamanisha. Ila mikwaruzo ile kwenye mshikio ni mkono wa babu yako, na hata kwa wakusanyaji chensoo yenye rangi yake ya kiwandani iliyochakaa inathaminiwa kuliko iliyopakwa ikang'aa, kwasababu rangi mpya inaficha nyufa na inafuta zile herufi na namba ambazo tumezitafuta hapo juu. Safisha, zuia kutu kwenye boliti, basi.

Ikishawaka, mchanganyiko. Vitabu vya wakati ule vinasema 16 kwa 1 au 20 kwa 1 kwasababu walikuwa wanatumia oili ya injini ya kawaida, ukiweka hivyo leo ni moshi na kaboni tu. Kwa oili nzuri ya kisasa ya tustroku mimi natia 32 kwa 1, yaani lita moja ya petroli kwa mililita 31 hivi za oili, na kwa injini iliyotoka kulala miaka mingi matangi mawili ya kwanza nakwenda 25 kwa 1, mililita 40. Kusikiliza: ukibana mafuta yote bila kukata kitu inatakiwa ilie kwa kukatakata kidogo kama imejaa mate, ukiingiza kwenye gogo sauti inanyooka. Ikilia nyembamba na kali kabla hujagusa mti ina njaa, fungua H kidogo haraka. Usiilinganishe na hizi mpya zinazopiga filimbi kwa mizunguko elfu kumi na tatu kwa dakika, injini hizo za zamani nguvu yake iko chini. Na kama ukiachia mafuta haishuki inabaki kulia juu, izime, usicheze na skrubu, hewa inaingia kwenye sili za krenki au gasketi ya kabureta na hiyo ndo inayochoma pistoni.

Pampu ya kidole gumba inamaanisha oili ya cheni ni jukumu lako, bonyeza kila sekunde chache ukiwa unakata. Na kwakuwa haina breki wala cha kuzuia triga, mimi nakuruhusu gogo lililolala chini tu, ncha ya baa isiguse kitu kabisa manake ikirudi nyuma hakuna kinachoisimamisha isipokuwa mwili wako, vaa suruali ya kinga, kofia, miwani, masikio uyafunge, na dakika kumi kumi uipumzishe mikono kwasababu mtetemo wa mashine isiyo na mpira unaua hisia za vidole na zinaweza zisirudi.

Kuhusu vyuma chakavu, hapana. Injini inayobana, bodi haijapasuka, imetoka mkononi mwa mtu mmoja, hiyo inafufuka. Toa ekzosti kwanza utazame pistoni, halafu fungua kifuniko cha stata unakili kila namba unayoiona hata ile usiyoielewa, piga na picha upande wa ndani wa kifuniko kabla hujapitisha kitambaa.